Amri Bila Msaada

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu, nijibu neno lisemwalo na baadhi ya makarani wenzetu, ya kwamba maradhi yazukapo, soko lifungwe na wauzaji wajitazame wenyewe. Neno hili si la haki, wala halina faida hata kwao walisemao.

Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, wauzaji wa vyakula vya njiani walikatazwa kazi yao. Sikatai kwamba chakula kichafu huua. Lakini mama ntilie aliyezima moto wake hakuwa na mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi. Karani aliyeichapa amri alikuwa nao. Mwenye njaa hupika uani usiku, asikoona bwana afya. Hapo amri imeficha maradhi, haikuyaondoa.

Tena kipindupindu huenezwa hasa na maji machafu. Mjini London mwaka 1854, Daktari John Snow alipoona vifo vimezunguka pampu moja, alishauri mpini wake uondolewe. Hakushauri maduka ya mtaa yafungwe. Soko lisilo na maji safi wala vyoo, likifunguliwa, maradhi hurudi pamoja na wauzaji.

Wengine husema, "Serikali haina fedha." Nawauliza: tangu Desemba 2018 mchuuzi alipotakiwa shilingi 20,000 za kitambulisho, njia ya kuufikia mfuko wake ilionekana. Je, njia ya kurudisha kitu mfukoni mle ndiyo iliyopotea? Huko Uganda mwaka 2021, wakati wa korona, Serikali iliwapelekea watu wa mijini waliopotewa na riziki shilingi 100,000 za kwao kwa njia ya simu. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini chatosha kuonyesha kwamba jambo lawezekana.

Nasi wa Ufipa, toka Msanzi hata Sumbawanga mjini, twajua kwamba auzaye maharage, ulezi na samaki ndiye alipaye ushuru unaoingia katika mapato ya halmashauri. Sheria yataka asilimia 10 ya mapato ya ndani wakopeshwe bila riba wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Basi nadai mambo matatu. Kwanza, siku za kufungwa soko, ushuru na kodi ya kibanda visidaiwe. Pili, marejesho ya mikopo yasogezwe mbele kwa siku zizo hizo. Tatu, maji na sabuni vifike sokoni kabla ya amri.

Ndugu zangu, barua hizo hupita mezani petu. Tukiona amri isiyo na msaada, tusikae kimya; tuandike maoni yetu pembeni kwa adabu, wakubwa wayasome. Afungiwaye kibanda kwa ajili ya afya ya wote, ni wajibu wa wote kumsaidia akifungue tena.

Wenu katika chama,
Karani wa Ufipa