Tope si uchafu

Kuna ugonjwa umetuingia sisi wazazi tunaoishi Louisville. Mtoto akirudi na viatu vya tope, tunamkemea kana kwamba ameiba. "Unatutia aibu mbele ya Wazungu!" Aibu gani? Sisi tuliolala katika nyumba za miti zilizokandikwa udongo, tuliolishwa mpunga wa mabonde ya Rufiji na Kilombero, tuliokula kaa waliochokolewa mashimoni kwenye mikoko ya Gazi na Chwaka, leo tope kwetu limekuwa najisi?

Wanaosema huku hakuna pa kuchezea hawajatoka nje. Kutoka Jeffersontown, mwendo mfupi kwa gari, unapita mto Floyds Fork. Kandokando yake zipo bustani nne za umma, Beckley Creek na Pope Lick zikiwemo, zilizokamilika 2016. Kuingia ni bure. Mvua ikinyesha mto hujaa, na maji yakishuka huacha kingoni tope zito linalonata.

Hatari ipo, sikatai. Mto ukifurika, kaeni mbali. Tangulia na fimbo upime kina. Mguu ukizama usiuvute kwa pupa. Uchezeshe taratibu, tope lilegee, kisha uutoe. Wazee wetu waliyajua haya bila kufundishwa darasani. Watoto watayarithi kwa nani, kwa televisheni?

Jumamosi ijayo wavalisheni nguo kuukuu, mwende nao. Sabuni haijaadimika Marekani.