Tusingoje Wazee wa Kagera Wafe

Kila Novemba hapa Uingereza watu wanavaa ua jekundu la karatasi kifuani kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Na kila Novemba sisi Waafrika wa chuoni tunarudia mjadala ule ule: mbona babu zetu hawatajwi? Mjadala ni wa haki kabisa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia himaya ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa popote. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi akasimama Bungeni akaomba radhi. Humo wamo wapagazi wetu, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Na wazee wa Keya waliopelekwa hadi Burma katika vita vya pili? Walipoachiwa, mzungu wa cheo kile kile alipewa kiinua mgongo hadi mara tatu ya chao.

Haya yote nayaunga mkono. Lakini jamani, kwenye mijadala yetu sijasikia mtu akiuliza habari za wale ambao hawakutumwa na mzungu. Nawasema wazee wa Kagera.

Kwa wadogo zetu: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaitwaa ardhi ya Tanzania mpaka Mto Kagera na kulilipua daraja la Kyaka. Jeshi letu lilikuwa na watu wapatao 40,000. Katika muda mfupi likavuka 100,000, na tofauti hiyo sehemu kubwa ilikuwa mgambo: wakulima na vibarua waliofundishwa kushika bunduki vijijini mwao. Wakaenda, wengi kwa miguu, bega kwa bega na Waganda wa Kikosi Maalum na wenzao, mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo anaikaribia 70.

Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alitoka kwenye shamba la pamba, akarudi kwenye shamba la pamba. Sikio lake la kushoto halisikii tangu alipokaa karibu na ile mizinga ya saba saba. Mwanajeshi wa kuajiriwa akistaafu ana pensheni yake, hata kama ni kiduchu. Mgambo hakuajiriwa, alisaidia nchi. Miaka kadhaa iliyopita alikwenda ofisi moja kuulizia matibabu, akaambiwa alete karatasi za kuruhusiwa. Zililiwa na mchwa zamani. Basi alete mashahidi wawili wa kombania yake. Mmoja aliyemjua alikuwa ameshafariki, mwingine hajui yuko mkoa gani. Akarudi nyumbani, na hakwenda tena. Lakini kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anaongeza sauti ya redio mpaka majirani wanalalamika.

Najua wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ndiyo, ni ya serikali, na napenda ianze na jambo dogo tu: kadi ya bima ya afya kwa kila mgambo aliyevuka mpaka, hata asiye na karatasi. Rafiki yangu Mganda naye ananiambia kwao kumbukumbu ni mchanganyiko, kwamba waliokuja kuwakomboa si wote waliokuwa na mikono safi. Sibishani naye, bibi yake alikuwepo, mimi sikuwepo. Ila mzee aliyeziba masikio kijijini sioni anavyodaiwa deni la mwenzake aliyepora duka Kampala.

Kinachonisumbua ni hesabu ya miaka. Hao wa Kariakoo waliombwa radhi karne nzima baada ya vita, hakuna hata mmoja aliyekuwa hai kuisikia. Wa Burma, aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 sasa ni wa kutafutwa kwa tochi. Wa Kagera bado wapo, wanalima, wanakohoa, wanasahau majina ya wenzao mmoja mmoja. Shahidi akifa leo, kuna mzee mahali fulani amepoteza ushahidi wake.

Hoja yangu kwa chama ni hii. Wengi wetu tunakwenda nyumbani likizo ya kiangazi. Kila mmoja amtafute mzee mmoja, aandike jina lake, kombania, alikopita na aliokuwa nao, kisha karatasi hiyo igongwe mhuri kwa afisa mtendaji wa kijiji. Nakala moja abaki nayo mzee, moja ije kwetu, ili majina yalinganishwe na mashahidi wapatikane. Kilomita elfu kati ya kombania moja na nyingine si kitu kwa simu za siku hizi. Na mapato ya chakula chetu cha Desemba, badala ya kulipia ma-DJ wawili, tulipie mmoja. Sisi tunaobeba maboksi wikiendi tunajua vizuri paundi hamsini zinafanya nini Bongo.

Mwenye mzee kijijini kwao aniletee jina na wilaya kabla ya kikao cha mwezi ujao. La baba mkubwa nimeshaliandika.