Gololi au beringi?

Twajua, wasomaji wapenzi, ya kuwa katika Likasi mbeba makala hutegemea baisikeli kwa chakula cha watoto. Basi gurudumu lake lizungukie nini?

Beringi iliyofungwa huzuia vumbi na maji, wala haitaki kurekebishwa. Lakini ikichakaa hutupwa, na sharti ipatikane nyingine ya namba ile ile: 6001, kwa mfano, ina tundu la milimita 12.

Gololi za kupanga moja moja, aghalabu 9 kila upande wa gurudumu la nyuma, zahitaji uangalifu. Walakini fundi wa njiani aweza kuzisafisha, kuzipaka grisi, au kuzibadili zote pamoja.

Kwa safari za mbali twapendelea gololi. Ila zisingoje kulia: gololi kavu hula vikombe, na vikombe hula karo ya shule.