ETI CHUO NI DAR ES SALAAM TU?



Someni ubao huu mpaka chini kabla hamjakwenda kupima maharage. Kwenye mkutano mkuu ujao kuna hoja imeletwa, nami nimeisoma kwa macho yangu: kwamba mfuko wa elimu wa ushirika wetu uwakopeshe wale tu wanaokwenda kusoma Dar es Salaam, kwa sababu eti huko ndiko kwenye vyuo. Mtoto anayechagua chuo cha huku huku mkoani, mzazi wake ajitegemee. Mimi naipinga hoja hii mchana kweupe, na cheo changu nimekiandika chini asije mtu akasema nimejificha.

Kwanza nijisute mwenyewe. Shule ya utotoni niliiacha mapema. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, usiku, kwa taa ya chemli, ndiyo maana mwandiko wangu mnauona ulivyo. Sasa mtu aliyesoma kwa taabu namna hiyo akipata mtoto wa kidato cha nne, hulewa. Nililewa. Kijana wangu alipomaliza nikauza ng'ombe mmoja na mikaratusi yote ya kule bondeni, nikampeleka chuo kimoja cha mjini ambacho jina lake silitaji. Kilikuwa na kibao kizuri na ngazi za vigae. Mwaka ulipoisha tukaambiwa cheti chake hakitambuliwi popote, chuo hakikuwa na usajili. Kijana akaona haya kurudi. Leo anauza maji ya chupa stendi ya Mbezi, na akipiga simu anasema, "Baba, mambo yanakwenda." Najua hayaendi. Mikaratusi imechipua tena. Ng'ombe hakuchipua.

Basi mtu asiniambie kwamba nasema kwa wivu.

Jamani, hebu tuhesabu tulivyo navyo. Hapo Lushoto mjini kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Watu wanatoka pembe zote za nchi kuja kusoma sheria, cheti na stashahada, katika milima yetu hii, na sisi tunakipa mgongo tukiwahi basi la Dar! Ukiteremka Mombo ukafika Korogwe, kuna chuo cha ualimu. Ukiendelea njia ya Tanga, Muheza kuna chuo cha kilimo cha Mlingano, na karibu na Tanga mjini kuna Buhuri, chuo cha mifugo. Sisi ni wakulima wa maharage, viazi na kabichi, na ng'ombe tunao zizini. Mnyama akiugua tunahangaika kumtafuta mtaalamu, halafu mtoto anayetaka kwenda Buhuri tunamwambia amekosa bahati. Akili hiyo ni ya wapi?

Halafu kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi wetu tunavidharau kuliko vyote. Mkoani kwetu kipo cha Handeni na kipo cha Kiwanda, Muheza. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alikuwa ameona kule Sweden vyuo vya watu wazima wa kawaida, wakulima na wafanyakazi, akataka na sisi tuwe navyo kwa namna yetu, na Waswidi wakasaidia. Leo viko zaidi ya 50 nchi nzima. Wanafundisha useremala, uashi, ushonaji, kilimo na ufundi mwingine. Kuna kozi ndefu na kuna kozi fupi, na huulizwi kwanza kama ulipata divisheni wani.

Tena nawaambia akina baba hasa, maana hapa tunanyamaza sana. Wapo mabinti humu kijijini waliokatisha shule kwa sababu ya mimba. Tunawaficha jikoni. Vyuo hivi vina mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, ambapo wasichana wa namna hiyo wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na mwenye mtoto mchanga anaruhusiwa kwenda naye, analelewa pale pale mama akiwa darasani. Kwa hoja iliyoletwa, binti huyo hapati hata shilingi moja ya mfuko, ingawa mama yake analeta mazao hapa kila msimu na anakatwa kama wengine.

Najua watasema, "Chuo cha karibu ni cha walioshindwa. Mtoto akianza chini atabaki chini." Si kweli. Siku hizi aliyefaulu masomo manne kidato cha nne, hata kwa alama ya D, somo la dini halihesabiwi, anaweza kuanza astashahada kwenye vyuo vingi, ingawa kozi nyingine kama za afya zinataka masomo yake maalumu. Akimaliza anapanda stashahada. Akifaulu stashahada vizuri, wastani usiopungua 3.0, mlango wa chuo kikuu uko wazi, na hapo ndipo aende Dar es Salaam kama anataka, amekomaa na ana cheti mkononi. Na toka mwaka wa masomo 2023/24 Serikali imeanza kukopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Kupanda kwa ngazi si kushindwa. Mlola nzima tunapanda milima kila siku, nani anaanzia kileleni?

Lipo neno lao moja ambalo nalikubali. Wanasema mtoto akiwa karibu tutamwita kila tukivuna, tutamwita msibani, tutamwita harusini, asome saa ngapi? Hiyo ni kweli na kosa ni letu wazazi. Pia ni kweli kwamba baadhi ya vyuo vya mikoani vifaa vyake vimechakaa. Lakini mtoto aliye karibu, baba anaweza kupanda basi asubuhi akaenda kuona kwa macho yake karakana ikoje, na kama mtoto yupo darasani au yupo kijiweni. Mimi wa kwangu nilimwona mara moja kwa mwaka mzima. Chumba, chakula na nauli za Dar zilikula fedha nyingi kuliko ada yenyewe.

Tusidanganyane, hoja hii si ya elimu, ni ya kujionyesha. Tunataka kusema harusini "mwanangu yuko Dar". Fedha ya mfuko ni jasho la wote, haiwezi kununua sifa za nyumba tatu nne.

Kwa hiyo kwenye mkutano nitaleta marekebisho. Mkopo utolewe kwa chuo chochote, cha karibu au cha mbali, ilimradi kimesajiliwa. Na kabla fedha haijatoka, katibu wa ushirika ahakikishe usajili huo kwa NACTVET, kama ni chuo kikuu kwa TCU. Katika kila msimu nafasi mbili ziwekwe kwa mabinti waliokatisha shule. Wanachama wenye simu za intaneti watusaidie kuangalia majina ya vyuo, si kazi ya siku nzima.

Aliyeleta hoja ile namheshimu, ni mzee wangu, shikamoo yake iko pale pale. Upande wa kulia wa ubao nimeacha karatasi tupu kwa ajili ya majibu yake, na kalamu iko kwa mtunza ghala.

Katibu wa Chama, Tawi
Mlola