Madini, Mbale na Limbiko: Haja ya Istilahi Bayana za Jiolojia

Aghalabu mijadala ya uundaji wa istilahi hujikita katika kompyuta na sheria, jiolojia ikasahaulika. Hata hivyo, kutoka Kisumu hadi Migori, ardhi yenyewe inadai istilahi. Dhahabu nyingi ya Migori imo katika mishipa ya kwatzi: maji moto yalipenya nyufa za miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yakapoa, yakaiacha dhahabu humo. Shaba ya Macalder ina asili tofauti. Ilijikusanya pamoja na salfa kwenye sakafu ya bahari ya kale yenye volkeno.

Neno "madini" pekee haliwezi kuubeba mzigo huu. Kwa mwanajiolojia, hata kwatzi tupu ni madini. Kwa mchimbaji, madini ni mali. Je, mwanakijiji akiambiwa kuwa shamba lake "lina madini", amearifiwa nini hasa? Kiswahili kina "mbale", yaani mwamba wenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida, lakini neno hilo limelala kamusini. "Amana" nayo hudokeza kitu kilichowekwa na mwenyewe. "Limbiko" ni bora, kwani hueleza kukusanyika kidogo kidogo.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, na Sheria ya Madini ya 2016 ikaitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Haki isiyo na istilahi bayana ni vigumu kuidai. Kwa hiyo, wanaistilahi waanzie machimboni, wawasikilize wachimbaji, ndipo kamati ziketi.