Daftari la Wiki: Amana ya Kipimo

Wiki hii nimeshughulika na Hyperfine, programu ya kupima muda unaotumiwa na amri za kompyuta, ambayo ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2018. Na kwa kaida ya mafundi wa kazi hii nambari hiyo ni ahadi, kwamba amri uliyoizoea leo haitageuzwa maana kesho ila kwa tangazo la wazi, yaani kwa kubadili tarakimu ya kwanza yenyewe. Kila chombo chastahili ahadi hiyo, lakini chombo cha kupimia kimewajibika zaidi, maana hesabu za mwaka jana hazifai kitu ikiwa pishi ya mwaka huu imeongezwa kina.

Jumatano usiku niliiamuru ipime kazi ya kutafuta neno moja katika makala zangu zote za zamani. Kwa desturi yake iliirudia kazi hiyo si chini ya mara 10, ikaniandikia wastani, na kando yake kadiri matokeo yalivyotawanyika, kisha ikanitahadharisha kwamba mara ya kwanza ilikawia mno kupita zilizofuata. Sababu ni dhahiri: mara ya kwanza mafaili husomwa kutoka kwenye diski, na baadaye huwa yamekwisha kuwekwa katika kumbukumbu. Nikaiagiza iitende kazi mara 3 bila kuhesabu, ndipo ianze kupima, na ile tahadhari ikatoweka. Ilhali hapo nilikuwa nimepima jambo jingine kabisa, kwa sababu mtu anayewasha kompyuta yake asubuhi hutafuta kwa diski, si kwa kumbukumbu.

Nimeikumbuka Dhrystone, mtihani wa mashine uliotungwa na Reinhold Weicker mwaka 1984. Kompaila zilipozidi uhodari zikatambua kwamba sehemu ya kazi ile ina matokeo yasiyotumiwa popote, zikaiacha, na mashine zikasifiwa kwa kazi zisiyoifanya. Toleo la 2, la mwaka 1988, lilikusudiwa kuuziba mwanya huo. Na tangu hapo, kuitaja Dhrystone pasipo kutaja toleo lake ni kusema nusu ya neno.

Basi, ndugu zangu mnaotangaza kwamba programu zenu ni nyepesi kuliko za wenzenu, nawasihi mwandike kando ya kila tarakimu toleo la chombo mlichopimia, idadi ya marudio, na kama mafaili yalikuwa tayari katika kumbukumbu.