Kijana Wako Asiyeweza Kusoma

Ndugu msomaji wa Lisekese, kijana wako amemaliza shule ya msingi, lakini kusoma kumemshinda. Je, utamfungia nyumbani hadi uzeeni? Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, na Masasi kipo kimoja. Humo hufundishwa kazi za mikono, na mkono huweza kukumbuka yale ambayo daftari limeshindwa kuyafikisha kichwani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua pia mwenye ulemavu wa akili. Nenda ukamweleze mkuu wa chuo, bila kuficha, anachokiweza na kinachomchelewesha. Nawe nyumbani mzoeshe kuhesabu chenji na kwenda sokoni peke yake. Wazazi hatuishi milele.